Vyura Watatu Dirishani kwa Mama

Jericho, Nairobi
11 Juni 1979

Kavutha,

Mzigo wako umefika. Utingo wa basi la Kakamega aliuacha kwa Mama Wakiuru, mlango wa pili. Ulikuwa umefungwa kwa gunia, na juu yake mwandiko wako: "Kwa Mama, Mirriam Kanyiva. Aweke dirishani."

Niliketi na gunia hilo mapajani, nikayasoma maneno hayo tena na tena nikitafuta aibu ndani yake. Sikuiona.

Mama unayemtumia mmea amelala chini ya udongo wa Mwala tangu tarehe ishirini na moja Aprili. Unajua. Nilikuandikia telegramu siku ileile aliyokufa. Hukuja, na hukuandika hata mstari mmoja. Sasa, baada ya majuma saba, unatuma majani.

Watu wa Mwala waliniuliza, "Yule mkubwa yuko wapi?" Nikasema uko njiani. Nilisema hivyo Ijumaa, nikasema hivyo Jumamosi asubuhi, na nilikuwa bado nikisema wanaume walipokuwa wakisawazisha udongo kwa majembe. Mwishowe shangazi akanishika mkono akaniambia, "Nthenya, nyamaza sasa."

Mmea nimeuweka dirishani, katikati ya maua ya Mama kwenye mikebe ya mafuta ya Kimbo. Nimeuweka kwa sababu jina lake limeandikwa juu, si kwa sababu yako.

Nthenya Kilonzo


Kituo cha Msitu, Kakamega
19 Juni 1979

Nthenya,

Mama amekufa?

Nimeandika maneno hayo mawili asubuhi, na sasa ni saa tisa alasiri. Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama posta. Mtu alikuja kuniuliza kama ninaumwa.

Sikupata telegramu. Sikupata barua, wala hakuja mtu kuniambia. Mmea niliutuma kwa mtu aliye hai.

Niambie ni ugonjwa gani. Niambie alilala siku ngapi, na nani aliyemfumba macho. Umeniandika jina tupu, kama karani anayemwita mshtakiwa. Sawa, endelea hivyo. Lakini usinitukane tena kabla ya kuniambia hayo.

Kavutha


Jericho, Nairobi
27 Juni 1979

Kavutha,

Ni kifua. Alianza kukohoa kwenye mvua za Machi, akakataa kwenda hospitali mpaka mwezi ukaisha, na alipokubali walimlaza siku sita. Alikufa Jumanne, tarehe kumi na saba. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Jicho la kushoto lilifunguka tena nikalifumba mara ya pili. Hayo uliyotaka kujua ndiyo hayo.

Ama kuhusu telegramu, sikuamini. Fomu niliijaza kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: MAMA AMEFARIKI. MAZISHI JUMAMOSI MWALA. NJOO. Baba akaichukua kwa sababu posta iko njiani kwake akienda kwenye kibanda cha wachongaji. Aliporudi nikamuuliza, akasema imekwenda. Kwa hiyo mmoja wenu ananidanganya, na Baba ndiye aliyekaa na mimi hospitalini. Wewe ulikuwa msituni na huyo mume wako Nalianya.

Kuna jambo jingine, nalo silisemi ili tupatane. Mmea wako una wenyewe.

Jumapili nilikuwa napangusa vumbi kwenye yale majani mapana. Pale shina la jani linapokutana na mti palikuwa na maji kidogo, na ndani ya maji jicho likinitazama. Nikafunua jani la pili, nikamwona wa pili. Wote ni watatu. Ni vyura wadogo, kila mmoja kama kifungo cha koti, kijani kibichi, na mstari mweupe ubavuni kama uliochorwa kwa chaki. Wamesafiri kutoka Kakamega ndani ya gunia bila tiketi.

Mama Wakiuru aliwaona akarudi nyuma hatua tatu. "Chura ndani ya nyumba ya matanga? Huyo amekuja kuchukua mwingine. Mmwagie chumvi." Nikamwambia akileta chumvi hapa nitammwagia yeye. Hajaja tena, na chai sasa nanywa peke yangu.

Unajua baridi ya Juni hapa. Ukuta wa mawe haupati joto na jua halionekani siku nne. Wanakunja miguu, wanafumba macho, hawali. Nikiwasha jiko la makaa ili wapate joto, hewa inakauka na ngozi zao zinapoteza rangi. Nimewawekea ndizi iliyooza karibu na mkebe ili ivute nzi wadogo. Maji ya mfereji yana dawa, kwa hiyo nayaacha kwenye sufuria siku nzima kabla ya kuwapa. Kisha najaza maji mdomoni nawapulizia, kama Mama alivyopulizia nguo akipiga pasi.

Sijui kwa nini nawafanyia haya. Nakueleza ili ujue umeniachia kazi nyingine.

Nthenya


Kituo cha Msitu, Kakamega
5 Julai 1979

Nthenya,

Umewahi kujiuliza kwa nini nilituma mmea?

Mama aliniomba. Mwezi wa tatu aliniandikia, kwa mkono wa huyohuyo Mama Wakiuru unayemtishia chumvi. Aliandika kila baada ya miezi miwili tangu nilipoolewa. Wewe hukujua kwa sababu aliogopa ungemwambia Baba. Samahani, hilo si kweli. Aliandika kwamba wewe hungesema kitu, lakini Baba angekusoma usoni. Barua ya mwisho ilisema: "Nitumie mmea wa huko kwenu wenye majani makubwa, nione mahali unapokaa." Nalianya alikwenda kuuchimba kando ya kijito nyuma ya ofisi. Mzizi ulikataa kushika mkebeni, tukangoja. Majuma manane tuliyongoja, yeye alikuwa anakohoa, kisha alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nikimwagilia maji kila asubuhi nikiimba.

Na kwa nini nilikuwa huku? Umesahau kwa urahisi sana. Miaka mitatu iliyopita nilimleta Nalianya nyumbani, Mluhya mwenye viatu vya matope, karani wa msitu, akaketi kwenye kiti cha mbao. Baba alimtazama kama mti wenye mchwa, akaniambia nikitoka na huyu mtu jina langu lisitajwe tena ndani ya nyumba hiyo. Ulikuwa umesimama mlangoni, Nthenya. Ulikuwa na kitabu mkononi. Uliweka kidole kwenye ukurasa ili usipoteze mahali ulipofika.

Kuhusu telegramu, muulize Baba. Muulize ukimtazama.

Kuhusu vyura: usiwashike kwa mikono mikavu. Usiwapeleke nje, hata jua likitoka. Huko kwenu ni jua la uongo. Usitumie ile dawa ya kupuliza mbu mahali popote ndani ya nyumba. Wanakunywa kwa ngozi, kila kinachogusa ngozi kinaingia tumboni. Sikujua wamo. Laiti ningejua ningewatoa, huku wana kwao.

Kavutha


Jericho, Nairobi
17 Julai 1979

Dada Kavutha,

Neno hilo la kwanza nimeliandika nikijua ninachoandika.

Tarehe tisa nilirudi kutoka sokoni nikakuta dirisha lina pengo. Baba alikuwa ameona gunia lako nyuma ya mlango, akasoma mwandiko. Mmea alikuwa ameuweka nje karibu na mfereji, kwenye upepo, na ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka. Niliurudisha ndani, nikahesabu. Wawili. Wa tatu sikumwona chini ya jani lolote. Nilipiga magoti kwenye matope ya mfereji nikimtafuta na wanawake wa foleni ya maji wakitazama. Mmoja akasema, "Huyu ndiye alimaliza Form Six?"

Siku nne niliamini amekufa. Siku ya tano, jioni nikipika, nikasikia mlio ndani ya nyumba, kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Ulitoka kwenye kona ambayo Baba huweka kazi zake.

Unakumbuka anavyofanya na mti mbichi. Mnyama aliyechongwa nusu humfunga kwa gunia lililoloa ili asipasuke akikauka, na gunia hilo halikauki mwaka mzima. Nyumba nzima hii ya mawe na moshi, mahali pekee penye unyevu ni pale. Chura alikuwa amepajua kabla yangu. Huenda alitoka kwenye mmea hata kabla haujapelekwa nje. Nilifunua gunia. Alikuwa amekaa mgongoni mwa kifaru asiye na pembe. Nikajaribu kumshika, akaruka ndani ya sanduku la patasi.

Nikazitoa patasi moja moja. Chini kabisa palikuwa na jiwe la kunolea, limefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Karatasi ilikuwa na herufi zangu kubwa. MAMA AMEFARIKI. MAZISHI JUMAMOSI MWALA. NJOO.

Baba aliingia akanikuta nimeketi sakafuni, karatasi na jiwe mkono mmoja, chura mkono wa pili.

"Unapekua vitu vyangu," akasema.

"Nilikuwa natafuta chura."

"Nimesomesha mtoto mpaka Form Six atafute chura."

"Baba, hii ni nini?"

Hakujaribu kusema si yenyewe. "Nilifika mpaka mlango wa posta," akasema. "Nikaona angekuja na yule mtu wake. Watu wa Mwala wangetazama nani, mama yako au yeye? Siku ile ilikuwa ya mama yako."

"Uliniambia imekwenda."

"Ungelia."

"Nililia hata hivyo. Nilimlilia mmoja na kumlaani mwingine. Umenoa visu vyako kwa jina la Mama."

Akasema, "Weka jiwe chini, utalivunja." Nililiweka chini. Tangu siku hiyo nampikia, naweka sahani mezani, natoka nje mpaka amalize. Simsalimu. Niliyokutukana wewe nayarudia moyoni usiku na mchana, yote nikiyageuza upande wake, na hayapungui.

Vyura ni watatu tena. Nisamehe.

Mdogo wako,
Nthenya


Gikomba, Nairobi
23 Julai 1979

Kwa Bibi Kavutha Kilonzo, Kakamega,

Salamu nyingi. Mimi naitwa Ndeti. Nachonga na baba yako benchi moja huu mwaka wa kumi na moja. Mzee mkono wake ni wa patasi, kalamu inamshinda, ndiyo ameniambia niandike. Yeye anasema, mimi naandika. Nikiongeza kitu, ni changu.

Mzee anasema: Andika sikutuma ile telegramu.

Anasema: Andika nilikuwa na hasira.

Anasema: Andika hasira bado iko.

Amepiga msasa twiga mmoja mpaka shingo imekuwa nyembamba. Nimemuuliza, mzee, barua imeisha? Akasema mimi nina haraka ya kwenda wapi.

Sasa hii ni yangu. Nyumbani kwenu mambo si mazuri. Mdogo wako hamsemeshi. Juzi mzee amechonga chura. Hajawahi, hapa ni ndovu na simba, mtalii hanunui chura. Akamwacha mezani usiku. Asubuhi akakuta karatasi chini yake: "Vidole vya mbele ni vinne, si vitano." Hiyo ndiyo salamu peke yake amepata kwa binti wiki nzima. Wachongaji wote tumecheka, miaka yote anahesabu miguu tu. Yeye hakucheka. Amechukua patasi ndogo akaondoa kidole kimoja kila mkono.

Mzee anauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia salamu.

Anasema: Andika mama yake alikuwa akimtaja mwisho mwisho hospitali, na mimi nikatoka nje nisisikie. Halafu akasema hiyo futa. Sijafuta.

Umeona nimeandika Kiswahili. Mimi nilianza na Kikamba chetu, mzee akanisimamisha. Akasema andika Kiswahili, bwana wake naye asome. Amesema bwana wake. Nimeandika vile amesema.

Wako,
Ndeti, kwa niaba ya Mzee Kilonzo


Kituo cha Msitu, Kakamega
31 Julai 1979

Nthenya,

Barua ya Ndeti imefika. Nalianya aliisoma mara mbili, akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati, akaenda kazini nayo. Mimi sikupata hata nafasi ya kuirarua.

Mwambie Baba nimesoma. Usimwambie zaidi ya hapo. Hasira yake naijua, nimekua ndani yake, na angalau ameitaja kwa jina. Hilo la hospitali sijui nitalifanya nini.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki nakuuliza wewe.

Hapa kituoni yuko Annah, mke wa askari wa msitu. Nguo zetu tunaanika kamba moja. Yeye hasikizi muziki wala habari, husikiza matangazo ya vifo kila jioni, na asubuhi hutueleza nani amefiwa kutoka Lamu mpaka Busia. Juzi nilimwambia mama yangu alikufa Aprili bila mimi kujua. Akaniuliza jina. Nikamwambia. Akashika kamba ya nguo akasema, "Kanyiva wa Mwala? Nilimsikia huyo. Mke wa Kilonzo, mchongaji, wa Nairobi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa karibu kulia. "Sikusikia jina lako, mama. Walisema mama mpendwa wa Nthenya. Nilijua mwanawe ni mmoja."

Alisikia Jumatano jioni. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Basi la usiku lingenifikisha kwenu Alhamisi.

Telegramu Baba aliificha. Tangazo la redio je? Baba hashiki kalamu. Nani aliandika majina?

Kavutha


Jericho, Nairobi
8 Agosti 1979

Dada,

Mimi.

Baba alisimama mlangoni, akasema, "Andika mama wa Nthenya." Nikasema, "Baba, tuko wawili." Akasema, "Andika." Sikubishana mara ya pili. Niliandika, nikavaa sweta, nikalipeleka redioni mwenyewe kwa miguu yangu. Karani wa matangazo aliniuliza, "Watoto ni huyu mmoja tu?" Nikasema ndiyo. Alikuwa na kalamu mkononi. Angeandika jina lako kwa kufumba na kufumbua na Baba asingejua kitu.

Nilijiambia telegramu itakufikia, kwa hiyo tangazo halina kazi kwako, ni la watu wengine. Niliposimama kaburini nikisema uko njiani, nilikuwa nakungoja uje ili uwe umekuja na jina lisiwe na maana tena. Hukuja, ndipo nikaanza kukuchukia. Nilihitaji uwe umefanya kosa kubwa kuliko langu. Barua yangu ya kwanza niliiandika mara nne mpaka ikawa kali ya kutosha. Baba nilipomshika na karatasi yake nilimpigia kelele zilizosikika mpaka mferejini, na katika kelele zote hizo sikutaja redio, na yeye hakunikumbusha. Angeweza. Hilo nalo linanichoma.

Kuhusu kidole changu kwenye ukurasa, nilikuwa ukurasa wa sitini na mbili. Nakumbuka.

Chura mmoja amekufa. Yule wa kwenye gunia. Jumamosi nilikuwa nafua, nikamwona amepanda kwenye kioo cha dirisha, na kioo kilikuwa baridi kama chuma. Nilimkamata upesi nimrudishe kwenye jani. Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Ulikuwa umeniandikia, na Biolojia nimeisoma miaka sita, ningeweza kukuchorea ngozi yake kwenye karatasi. Alikaa siku moja miguu imenyooka. Nimemzika ndani ya mkebe wa waridi wa Mama.

Wawili waliobaki wanakula. Jana jua lilitoka kidogo na mmoja aliimba.

Siombi kitu.

Nthenya


Kituo cha Msitu, Kakamega
17 Agosti 1979

Nthenya,

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Siku ya kwanza nilikuandikia kurasa sita, Nalianya akaniomba nisizipeleke posta mpaka kesho yake, na kesho yake nikazichoma. Usifikiri nilizichoma kwa huruma. Hazikutosha.

Sijakusamehe, na sitakudanganya kwamba nimeanza. Baba alinifukuza akiwa amesimama mbele yangu. Wewe ulinifuta kwa mwandiko mzuri, ukaulizwa na mtu mwenye kalamu, ukasema ndiyo.

Tunakuja. Ijumaa tarehe thelathini na moja tutafika Nairobi, mimi na Nalianya, na Jumamosi asubuhi tutakwenda Mwala. Wewe utakwenda nasi. Usinunue maua. Utaandika tangazo upya, lote, kwa maneno yaleyale ya redio, mke wa fulani, mama wa fulani na fulani. Jina langu litatangulia kwa sababu nilizaliwa kwanza. Utasimama pale ulisome kwa sauti, mpaka mwisho, shangazi na majirani wakisikia. Ukilia, subiri kilio kiishe kisha uendelee pale ulipoachia. Baba akitaka kuja, aje. Akitaka kubaki na twiga wake, abaki. Mwambie tu bwana wangu atakalia kilekile kiti cha mbao.

Mmea uache dirishani. Ni wa Mama, aliuomba uwe hapo. Vyura wawili nitarudi nao kijitoni. Baridi yenu itaendelea mpaka Septemba, na sitaki kuwaacha hapo wangoje.

Tafuta mkebe wa Kimbo wenye kifuniko. Toboa mashimo kwa msumari kutoka ndani kwenda nje, ili ncha zisiwakwaruze. Weka chini kitambaa kilicholoa maji yaliyolala. Wahamishe asubuhi ya kurudi Kakamega, tukiwa karibu kuondoka, si mapema, na utawahamisha wewe, mimi nikiwa nimesimama hapo.

Mikono uinawe kwanza, kwa maji matupu.

Dada yako,
Kavutha